Dawa ya Minyoo kwa Watoto wa Mbwa: Pima Kwanza, Kisha Nywesha

Katika mji wetu wa Lubumbashi mbwa ni askari wa usiku. Kule Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba, watu wengi hufuga mbwa alinde lupango wakati wao wamelala. Lakini mbwa jike akizaa, askari yule amekuwa mama, na watoto wake hupendwa sana na watoto wetu. Huwabeba, huwabusu, hulala nao juu ya mkeka mmoja. Kwa hiyo afya ya mtoto wa mbwa si jambo la mbwa peke yake. Ni jambo la nyumba nzima, na ndiyo sababu tunaliandika katika kitabu hiki.

Tuseme kuna baba mmoja katika Katuba. Mbwa wake amezaa watoto sita. Wakati wa mvua unaanza, na watoto wale wana majuma matatu. Asubuhi moja mtoto wake wa kike anamwita, "Baba, njoo uone!" Mbwa mdogo mmoja ametapika, na ndani ya matapishi mna minyoo mirefu, myeupe, iliyojikunja kama kamba. Baba anatazama wengine. Watatu wana matumbo makubwa kama ngoma, lakini mbavu zao zinahesabika.

Baba huyu si mtu mbaya. Anakwenda kwa rafiki yake anayefuga ng'ombe nje ya mji, na rafiki anampa dawa kidogo ndani ya kichupa. "Ndugu yangu, hii inaua kila mdudu," anamwambia. Baba anarudi, anawanywesha wale watatu wenye matumbo makubwa, kila mmoja nusu mililita. Anaona ni kidogo sana. Ni nani angeogopa nusu mililita?

Jioni watatu wanayumba kama walevi. Mate yanawatoka. Macho yao yamefunguka sana lakini hawaoni; wanagonga ukuta. Baadaye wanaanza kutetemeka. Mama wa nyumba analeta mafuta ya mawese na maziwa, maana wengi husema kwamba vitu hivi huvunja sumu. Anamimina kinywani kwa nguvu. Mmoja anakohoa, maziwa yanatoka puani. Alfajiri wawili wamekufa, na mtoto wa kike analia.

Ndipo jirani anasema, "Si unaona? Dawa ya minyoo inaua watoto wa mbwa. Hao waliobaki usiwape kitu." Baba anakubali, naye hawapi kitu.

Msomaji, katika habari hii mna makosa mawili. La kwanza kila mtu ameliona: dawa ilitolewa bila kupima. La pili halionekani upesi, lakini ni kubwa kama la kwanza: watoto waliobaki wameachwa na minyoo yao. Tuyatazame yote mawili.

MINYOO ILITOKA WAPI?

Watu hufikiri mtoto wa mbwa hupata minyoo kwa kula uchafu. Ni kweli kwa mbwa mkubwa. Lakini mtoto wa mbwa mara nyingi huzaliwa nayo. Ndani ya nyama ya mama yake wamelala minyoo wadogo sana wasioonekana kwa macho. Mama akishika mimba, wanaamka, wanapita katika kondo la nyuma na kuingia ndani ya mtoto tumboni. Baada ya kuzaliwa wengine huja kwa maziwa. Kwa hiyo mama aweza kuonekana mnene na mzima, na hata hivyo watoto wake wote wana minyoo.

Minyoo hiyo, ambayo waganga huiita Toxocara, hupita katika ini na mapafu ya mtoto, kisha hukaa katika matumbo yake na kukua. Mnyoo mmoja aweza kufika urefu wa sentimita 10 hata 18. Mtoto akifikisha majuma matatu hivi, minyoo inaanza kutaga. Jike mmoja aweza kutaga mayai 100,000 kwa siku moja, nayo yanatoka pamoja na mavi.

Iko minyoo mingine midogo yenye meno, inayong'ata utumbo na kunywa damu. Nayo huja kwa maziwa ya mama. Mtoto mwenye minyoo hiyo fizi zake ni nyeupe kama karatasi, na aweza kufa kwa kukosa damu kabla hujaona mnyoo hata mmoja.

Basi dawa inahitajika. Kutokumpa mtoto wa mbwa dawa kwa sababu ya hofu ni kumwachia adui afanye kazi yake.

KWA NINI DAWA HUMDHURU MTOTO?

Mtoto wa mbwa si mbwa mkubwa aliyepunguzwa. Mwili wake haujamalizika kujengwa. Ini lake, ambalo ndilo linalovunja dawa na kuziondoa, bado ni changa. Ubongo una kitu kama ukuta unaozuia dawa nyingi zisiingie. Katika mtoto mchanga ukuta huo bado haujakaza. Tena hana akiba ya sukari mwilini, na hawezi kujipasha joto vizuri. Akitapika na kukosa kunyonya kwa saa chache tu, anaishiwa nguvu na kupoa.

Sasa turudi kwa ile nusu mililita. Dawa ya ng'ombe inayotumika sana ni ivermektini. Katika mililita 1 ya dawa ya sindano ya ng'ombe mna miligramu 10, nayo ni kipimo cha mnyama wa kilo 50. Mtoto wa mbwa wa majuma matatu mara nyingi hana hata kilo 1. Akipewa nusu mililita, amepewa dawa ya mnyama wa kilo 25. Yaani amekunywa mara 25 na zaidi kuliko kipimo ambacho ng'ombe angepewa kwa uzito huo. Na hata kipimo cha ng'ombe si kipimo cha mbwa: kuzuia minyoo ya moyo, mbwa hupewa ivermektini kidogo sana, chini ya sehemu moja ya thelathini ya kile anachopewa ng'ombe kwa kila kilo.

Hatusemi kwamba dawa hii ni mbaya. Waliovumbua mwanzo wake, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015, kwa sababu imeokoa macho ya watu wengi. Tangu mwaka 1987 dawa hiyo hutolewa bure kwa watu wenye upofu wa mtoni, na katika nchi yetu ya Kongo imegawanywa katika vijiji vingi. Lakini kumbuka jinsi inavyogawanywa. Mgawaji huja na fimbo ya kupimia. Kila mtu husimama karibu nayo, naye hupewa vidonge kwa kadiri ya urefu wake. Mtoto asiyefika sentimita 90 hapewi kabisa. Ikiwa mwanadamu hupimwa kwa fimbo, kwa nini mtoto wa mbwa apewe kwa kukisia?

Dawa nyingine nazo zina hatari zake. Levamizoli, inayotumika kwa mbuzi na kuku, nafasi kati ya kipimo kinachoponya na kinachodhuru ni ndogo sana kwa mbwa. Albendazoli, kidonge ambacho watoto wetu hupewa shuleni, imejulikana kuharibu uboho wa mifupa ya mbwa, mahali damu inapotengenezwa. Na kidonge kimoja cha miligramu 400 ni kingi mno kwa kiumbe asiyefika kilo 1. Kwa hiyo usichukue dawa ya mtoto wako ukampa mbwa, wala dawa ya mbwa ukampa mtoto.

Dawa zinazofaa watoto wa mbwa zipo. Pirantel hutolewa tangu majuma mawili, na hudhuru kwa nadra ikipimwa vizuri. Fenbendazoli na piperazini pia hutumika. Mganga wa wanyama, yaani veterineri, ndiye atakayechagua na kuhesabu kipimo. Hapa Lubumbashi hatuna udhuru wa kusema hawapo, maana Chuo Kikuu chetu kina kitivo kinachofundisha waganga wa wanyama.

MAMBO YA KAWAIDA NA MAMBO YA HATARI

Hata dawa nzuri iliyopimwa vizuri huweza kumsumbua mtoto kidogo. Usiogope ukiona haya siku ile ile:

1. Anatapika mara moja.
2. Anahara kidogo.
3. Analala zaidi kuliko kawaida, lakini ukimwamsha anaamka na kunyonya.
4. Minyoo inatoka kwa mavi au kwa matapishi, mingine ikiwa bado hai. Hiyo ni kazi ya dawa.

Lakini ukiona moja la haya yafuatayo, usingoje asubuhi:

1. Anayumba, anatetemeka, au anashikwa na kifafa.
2. Mate yanamtoka bila kukoma, au macho yamefunguka sana na haoni.
3. Hawezi kunyonya, mwili umepoa, haamki.
4. Anatapika tena na tena, na tumbo limekaza na kumwuma. Pengine minyoo mingi imekufa pamoja na kuziba utumbo kama kitambaa ndani ya bomba.
5. Anahara damu, au fizi zimekuwa nyeupe.
6. Uso umevimba, au anapumua kwa shida.
7. Anakohoa tangu aliponyweshwa. Pengine dawa imeingia katika mapafu.

UFANYE NINI?

Kwanza, mpeleke kwa mganga wa wanyama upesi, pamoja na kichupa cha dawa au karatasi yake. Mwambie umempa dawa gani, kiasi gani, saa ngapi. Usione haya kusema kweli. Mganga asiyejua dawa iliyotolewa ni kama mtu anayetafuta kitu gizani. Kwa ivermektini hakuna dawa ya kuivunja. Mnyama husaidiwa kwa joto, maji na uangalizi mpaka mwili uiondoe mwenyewe, na hiyo huweza kuchukua siku nyingi. Kwa hiyo kufika mapema ni bora.

Pili, mpashe joto. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba ni baridi sana hapa kwetu. Tia maji ya moto katika chupa, uifunge kwa kitambaa, uiweke karibu naye. Usilete mbabula ya makala ndani ya chumba kilichofungwa, maana hewa yake mbaya isiyoonekana huua mbwa na watu pamoja.

Tatu, ikiwa ni mnyonge, pakaza maji ya sukari kidogo juu ya fizi zake kwa kidole.

Nne, usimnyweshe mafuta ya mawese wala maziwa, wala usimlazimishe kutapika. Mafuta na maziwa hayavunji sumu hii. Mnyama anayetetemeka hawezi kumeza vizuri, na kile unachomimina kinywani huenda katika mapafu. Wengine hufa kwa msaada waliopewa, wala si kwa dawa.

Tano, jihadhari mwenyewe. Mbwa anayetoka mate na kuyumba huenda hakupatwa na dawa. Huenda ana kichaa cha mbwa, ugonjwa ulioko katika mji wetu, na ambao mtu akianza kuonyesha dalili zake karibu hakuna kupona. Ikiwa hukumpa dawa, au umempa na bado una mashaka, usimshike kinywa kwa mikono mitupu, na uwaondoe watoto. Aliyeng'atwa, au aliyeingiwa na mate katika kidonda, aoshe mahali hapo kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha aje hospitali siku ile ile apate sindano za kumkinga.

NAMNA YA KUTOA DAWA VIZURI

Pima kila mtoto peke yake. Weka kikapu juu ya mizani ya jikoni, au omba mizani ya muuza unga. Andika uzito wa kikapu, kisha umtie mtoto, uondoe uzito wa kikapu. Pima tena kila mara, maana uzito wa majuma mawili si uzito wa majuma manne.

Mpe dawa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Lipitishe pembeni mwa kinywa, nyuma ya shavu. Kichwa kikae sawa, kisiinuliwe juu. Sukuma kidogo kidogo, ungoje ameze.

Usichanganye dawa mbili za minyoo kwa kutaka nguvu zaidi, wala usimwoshe kwa dawa ya kupe siku ile ile isipokuwa mganga amekuruhusu. Mtoto aliye mgonjwa au mnyonge sana, usimpe dawa nyumbani, mpeleke kwanza.

Wape asubuhi, upate mchana wote wa kuwaangalia. Aliyewapa watoto dawa saa ya kulala ataona kesho yale ambayo angeweza kuyazuia leo.

Tena usitoe mara moja ukaacha. Dawa huua minyoo iliyo katika matumbo, lakini wadogo walio katika nyama hawafi, na wengine wanaendelea kuja kwa maziwa. Kwa hiyo dawa hutolewa wakiwa na majuma 2, 4, 6 na 8, kisha kila mwezi mpaka miezi 6. Mama yao naye apewe pamoja nao.

KOSA LA PILI

Sasa tukumbuke wale watatu waliobaki bila dawa. Kila siku wanaacha mavi katika lupango. Mayai yaliyomo hayamdhuru mtu siku ile. Lakini yakikaa katika udongo majuma mawili au zaidi, yanakomaa, nayo huweza kukaa hai miaka. Mvua huyatawanya. Hata dawa ya klori haiyaui. Kisha mtoto mwenye miaka miwili au mitatu anacheza chini, anatia vidole kinywani, na yai linaingia.

Ndani ya mtu mnyoo huu hauwi mkubwa. Unatangatanga katika mwili kama mgeni aliyepotea njia: katika ini, katika mapafu, na mara nyingine katika jicho. Mwaka 1950 mwanamke mtaalamu wa Marekani, Helenor Campbell Wilder, alipima macho ya watoto yaliyokuwa yameondolewa kwa sababu ya ugonjwa, mengine yakidhaniwa kuwa na kansa. Katika mengi ya macho hayo aliona minyoo wachanga. Mwaka 1952 Paul Beaver na wenzake wakaonyesha kwamba watoto wa binadamu hupata ugonjwa huu kwa mnyoo wa mbwa. Tazama, watoto wale walipoteza jicho kwa sababu ya udongo walimocheza.

Basi ondoa mavi ya mbwa kila siku kwa jembe, uyatupe chooni au uyafukie mbali na bustani ya lengalenga na mahali pa watoto kuchezea. Mwaga maji yanayochemka mahali mbwa wanapolala, baada ya kuwahamisha. Watoto wavae viatu, maana ile minyoo yenye meno huingia kwa ngozi ya mguu. Waoshe mikono kwa sabuni kabla ya kula bukari. Na wafundishwe kumpenda mbwa bila kumbusu kinywani.

NENO LA MWISHO

Tulisema baba yule si mtu mbaya. Aliona mateso, akataka kusaidia. Lakini upendo peke yake haukumtosha, ulihitaji mizani. Kitabu cha Mithali, sura ya 12, kinatukumbusha kwamba haki ya mtu huonekana pia katika namna anavyotunza wanyama wake. Kutunza ni kuuliza kwanza, kupima, kutoa, na kukaa karibu kuangalia.

Habari yetu twaweza kuimalizia kwa njia nyingine. Jirani anapomwambia asiwape kitu, baba anajibu, "Hapana, ndugu yangu. Dawa haina kosa, mimi ndiye sikupima." Anawatia wale watatu katika kikapu, pamoja na yule aliyesalimika, anawapeleka kwa mganga wa wanyama. Wanapimwa. Wawili wanapewa dawa, na karatasi ya siku za kurudi. Mmoja aliye mnyonge anaambiwa ale na apate joto kwanza, kisha arudishwe. Na yule aliyekunywa dawa ya ng'ombe anawekwa huko huko, chini ya uangalizi, mpaka aweze kusimama.

Wewe uliye na mbwa mwenye mimba nyumbani, usingoje mpaka mnyoo uonekane. Hesabu majuma mawili tangu siku ya kuzaa. Siku hiyo chukua kikapu, uende.